Nilivyompokea Mgeni Kutoka Angani

Jamani, leo nimepatikana. Mbele ya kamera tatu!

Bado nina udongo wa manjano masikioni, na nawaandikia kabla sijaoga kwa sababu namjua Maman Bijou. Atawahi kuwasimulia na atatia chumvi. Afadhali mlisikie kutoka kwangu. (Na yeye ana la kwake la kueleza leo. Tutafika.)

Kwa waliojiunga na kikundi juzijuzi: mimi ni Mishi, mshona nguo wa Bellevue, mtu wa Tanga, mama yake Rukia. Wengine mnaujua ugonjwa wangu. Ni zile tamthilia za runinga za watu wa angani. Chombo kinashuka, mlango unafunguka, moshi, mwanga, kinatoka kiumbe chenye macho matatu. Mimi na Rukia hatukosi hata moja. Yeye anatazama kimya, mimi natazama kwa kugombana.

Wenyeji wa humo ndani wananiudhi! Mgeni katoka nyota ya mbali huko, kasafiri miaka, kashuka salama. Wenyeji wanafanya nini? Wanakimbia. Wasipokimbia, wanapiga magoti. Wasipopiga magoti, wanarusha mikuki. Basi, hayo matatu tu. Hakuna hata mmoja wa kuuliza, "Mmekula?" Maji hakuna. Kigoda hakuna. Nikisema hivyo Rukia ananijibu kwa Kiingereza chake cha hapa hapa Joburg (Kiswahili anakisikia vizuri sana, hasa nikimwita kula, ila kukisema hataki) kwamba, "Eish, Mama, hao hawajawahi kuona kitu kama hicho, lazima waogope." Mimi namwambia hata mashemeji zangu sikuwahi kuwaona kabla ya siku ya posa, na walikula pilau wakashiba.

Sasa. Majuzi akaja mtaani kwetu dada mmoja anaitwa Lerato, simu mbili mkononi, anatafuta watu wa kuigiza. Tamthilia ya angani, inatengenezwa hapa hapa mjini! Wanahitaji wenyeji wa sayari, na mwongozaji anataka wenyeji hao waongee lugha ambayo watazamaji wake hawaijui. Akaambiwa watu wa Kiswahili wamejaa Bellevue.

"Kwa hiyo lugha ya sayari ni Kiswahili?" nikamuuliza.

"Yebo, Mama. Hakuna atakayeelewa."

Nikamtazama. Hakuna atakayeelewa! Tanga nzima, Mombasa nzima, Goma nzima! Nikanyamaza, nisije nikaharibu ulaji.

Kisha akasema neno lililoniondolea usingizi. Wenyeji wote wataonekana kipindi kimoja tu, halafu kwaheri. Ila mmoja wao, atakayeonyesha hofu vizuri kuliko wenzake, kamera itamsogelea usoni, na huyo ataendelea kwenye tamthilia mpaka mwisho. Vipindi vyote!

Niliutaka uso huo uwe wangu. Umaarufu ninaupenda, sawa, sikatai. Lakini zaidi ya hapo nilitaka Rukia akae kwenye kochi letu lile lile, awashe runinga, asikie watu wa sayari nyingine wanaongea lugha ya mama yake. Halafu nikafanya ujinga wa kwanza: nikatangaza. Nikamwambia fundi viatu. Nikamwambia mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani. Nikampigia simu mama yangu Tanga, akaniuliza kama nguo zitakuwa za heshima.

Leo asubuhi kombi ikatukusanya Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, watu kama thelathini, ikatupeleka nyuma ya Malvern kwenye kilima cha mchanga wa machimbo. Mnavijua vile vilima vya manjano. Miaka yote napita navitukana kwa vumbi lake, leo nimepanda juu ndiyo nikaona. Kumbe ni sayari! Wamejenga vibanda vya majani, wamewasha moto wenye moshi wa zambarau, wamesimamisha chombo cha angani kikubwa kuliko ukumbi wa harusi, na ngazi inashuka kutoka mlangoni. Nilipiga kigelegele. Nilishindwa kujizuia!

Tukavikwa magunia, tukapakwa udongo usoni. Kilemba changu nikagoma kukivua, wakakipaka udongo nacho, mambo yakaendelea. Kando yangu alisimama Maman Bijou, jirani yangu Mkongo, tunapanga nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Nyuma yetu kaka mmoja Mkenya anayefanya kazi benki. Huyo kazini kwake kaaga kwamba anaumwa tumbo, kwa hiyo alipopewa ngao akaiweka usoni na hakuitoa tena, hata wakati wa chai.

Mwongozaji, mzungu mrefu mwenye kofia, akapanda juu ya sanduku. Akaongea Kiingereza, mimi nawapa kwa Kiswahili.

"Hamjawahi kuona kiumbe kutoka angani," akasema. "Mlango ukifunguka, mnaanguka magotini. Mnadhani ni mungu."

Nikanyoosha mkono. "Samahani, bwana. Mimi Mwislamu. Siwezi kumsujudia mtu wa plastiki."

Maman Bijou akadakia pale pale. "Miye pia hapana! Kila siku ya Mungu niko ku kanisa, leo nipigie plastiki magoti? Pasta wangu akiona ile ku televizyo atasema nini? Non, non, non!"

"Mi pia siwezi," ikasema ngao. "Mi ni mzee wa kanisa."

Kundi zima likaguna kuunga mkono. Mwongozaji akamtazama Lerato, Lerato akatazama simu zake. Sayari nzima haina hata mpagani mmoja! Ikabidi mungu afutwe.

"Haya, mtarusha mikuki."

"Kwa mgeni?" nikamuuliza. "Kabla hajaeleza shida yake?"

"Mtakimbia!" akapiga kelele mpaka kofia ikahama. "Mtaogopa, mtakimbia! Hilo dini zenu zinaruhusu?"

Tukatazamana. Zinaruhusu.

Tukaanza mazoezi. Kiumbe chenyewe kilikuwa kimefichwa, hatukuonyeshwa makusudi, ili kamera zikiwashwa hofu iwe ya kweli. Badala yake fundi wa taa alivaa ndoo kichwani akajifanya ndiye mgeni. Mlango ukafunguka. Moshi. Mwanga. Ndoo. Na mimi, wallahi sikukusudia, mdomo ukasema wenyewe:

"Karibu!"

"Karibu!" akaitikia Maman Bijou.

"Karibuuu!" wakaitikia watu wote wa sayari.

Mwongozaji akafurahi sana! Akauliza huo mlio mzuri namna ile una maana gani. Nikafikiri haraka. "Maana yake ni ole wetu," nikasema.

"Maana yake anakaribishwa," ikasema ngao. (Mtu kajificha uso mzima, mdomo kausahau nje!)

Mwongozaji akashika kichwa. "Hamumjui huyu! Anaweza kuwa muuaji!"

"Utamjuaje mtu hata hajala?" nikamjibu.

Nilidhani atanifukuza. Akanitazama, akainama, akanitazama vizuri zaidi. "Wewe," akasema. "Macho yako yanaongea. Njoo mbele."

Jamani! Mbele! Mimi!

Lerato akanishika bega. "Sharp, Mama. Hii ndiyo nafasi yako." Akanieleza polepole. Nitasimama peke yangu chini ya ngazi, wenzangu nyuma. Mgeni atashuka mpaka ngazi ya mwisho. Mimi nitamtazama, nitatetemeka, nitapiga ukelele mmoja, nitakimbia, na kundi zima litanifuata. Kamera itabaki na uso wangu. Nikifanya vizuri, vipindi vyote ni vyangu.

"Usiseme neno," akaongeza mwongozaji. "Na usimguse."

Usimguse. Niliyasikia kwa masikio yangu haya haya yenye udongo.

Tukafanya mazoezi na ndoo tena. Nilitetemeka vizuri mpaka Maman Bijou akaninong'oneza, "Mishi, uko na malaria?" Nilikimbia vizuri. Mwongozaji akanipigia makofi. Nikajiona tayari niko kwenye kochi na Rukia, runinga inawaka, yeye kafungua mdomo.

"Kimya! Kamera!"

Mlango ukafunguka. Likatoka lenyewe.

Niliogopa, jamani, siwadanganyi. Kitu kirefu, cha kijivu, kinang'aa utelezi. Kichwa kikubwa kama boga la mashindano, macho meusi hayana kope. Mkononi kimeshika sanduku la chuma lenye taa za kijani, na mrija mnene umetoka kwenye sanduku umeingia chini ya kidevu. Nyuma yangu nikasikia watu wote wanavuta pumzi kwa pamoja. Mimi nikatetemeka, na safari hii sikuigiza. Kamera ikanisogelea. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa!

Kikashuka. Kikashuka tena. Na kilipokaribia chini, nikasikia kinavyohema.

Hhh. Hhh. Hhh.

Hiyo ilikuwa pumzi ya mzee. Mguu wake wa mpira ulikuwa unaipapasa ngazi kama mtu anayetafuta ndala gizani. Sanduku lilikuwa zito, linamvuta upande mmoja, mkono unamtetemeka. Haoni anakokwenda!

Sasa niambieni ninyi mliolelewa. Mzee. Anashuka ngazi. Ana mzigo. Na wewe umesimama chini mikono mitupu, unamtazama? Kwetu mgeni akionekana tu kwa mbali, watoto wanatoka mbio, mzigo unapokelewa hata kabla ya salamu. Mgeni akiingia na mzigo wake mkononi, hiyo nyumba imekwisha, itasemwa mpaka Pangani. Mazoea yana tabu. Kichwa changu kilikuwa kinasema kimbia, mikono haikusikia.

"Karibu, baba, pole na safari, lete mzigo!"

Nikalishika sanduku.

Hakuliachia. Na hapa ndipo naomba mnielewe. Mgeni mwenye adabu haachii mzigo mara ya kwanza! Anasema, "Aa, acha tu, mwanangu." Mwenyeji mwenye adabu anavuta tena. Mgeni anakataa tena. Ndiyo heshima yenyewe, tumeikuta hivyo. Kwa hiyo yule kiumbe aliposema "Mmmf! Mmmf!" na kulikumbatia sanduku kwa mikono miwili, mimi nikajua huyu kalelewa vizuri sana huko alikotoka. Nikatabasamu. Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Kumbe ule mrija ulikuwa umeshonewa kwenye kichwa.

Kichwa kikang'oka!

Kilitoka kwa mlio kama wa kizibo, kikapaa, kikanigonga kifuani, nikakidaka. (Nilikidaka vizuri. Haki yangu nipewe.)

Sijui kama mmewahi kuona watu waliofundishwa kuogopa tangu asubuhi halafu wakaogopa kweli. Magunia yalipaa! Vibanda viwili vililala chini. Yule kaka wa benki alitupa ngao akakimbia moja kwa moja kuielekea kamera kubwa, uso mzima, mdomo wazi, meno yote, akaipita. Tumbo likampona papo hapo. Maman Bijou alimwita Yesu kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa lugha nyingine ambayo sijawahi kumsikia nayo. Akateremka kilima, akaruka uzio, akapotea. Alikuja kuokotwa Jules Street, na gunia lake na udongo wake, amesimama kwenye robot, taa za barabarani, anasubiri ya kijani ndipo avuke. Hofu ni hofu, lakini magari ya pale hayana dini.

Nikabaki peke yangu kwenye sayari. Sanduku mkono huu, kichwa mkono huu.

Mbele yangu lile jitu limesimama bila kichwa. Kisha shingoni kikachomoza kichwa kingine, kidogo, chenye mvi na jasho, miwani imejaa ukungu. Babu wa kizungu! Tukatazamana. Sasa nifanye nini?

"Shikamoo," nikamwambia.

Akavuta pumzi ndefu. "Asante sana, mama," akasema kwa Kiingereza. "Humo ndani nilikuwa naiva. Unaweza kunipatia maji?"

Maji! Tangu nianze kutazama tamthilia hizi, mgeni wa kwanza aliyesema shida yake! Nikaenda mbio mpaka meza ya chai, kichwa chake nimekibana kwapani, nikamletea maji, nikamshikia glasi kwa sababu vidole vyake vilikuwa vya mpira. Nikamwambia anywe polepole. Kamera zote tatu zinaendelea kutuchukua.

Ndipo nikakumbuka. Usiseme neno. Usimguse.

Aibu niliyoisikia, siwezi kuieleza. Nilikaa kwenye ngazi ya chombo, kichwa cha mgeni mapajani, machozi yanachora njia kwenye udongo. Nikawaza fundi viatu. Nikawaza mwenye spaza. Nikawaza Rukia, ambaye usiku wa jana alinipigia pasi mtandio bila kuombwa, na asubuhi akanikumbatia mlangoni akasema nisiogope kamera. Kamera sikuiogopa. Ningeiogopa kidogo, ingekuwa afadhali.

Mwongozaji akaja. Akaenda kwenye kioo chake kidogo, akatazama yaliyochukuliwa. Akarudisha nyuma akatazama tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikasema huyu analia, nimemharibia kazi yake yote.

Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Halafu akaruka juu akapiga kelele, "Lerato! Tunabadilisha hadithi!"

Sikilizeni sasa. Kumbe yule mgeni, kwenye hadithi, ni balozi. Kaja kwa amani. Sanduku ni zawadi kwa watu wa sayari. Alikuwa azungumze nao, wamzoee, wapendane. Hayo yote yamefutwa. Sasa balozi anashuka na zawadi, mwanamke mmoja wa kijijini anamsogelea anatabasamu, anamng'oa kichwa, anachukua na sanduku. Wenzake wa angani wanarudi kulipiza kisasi. Vita! Vita vya sayari mbili, kipindi baada ya kipindi!

"Na huyo mwanamke?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Huyo," akasema mwongozaji, macho yanamwaka, "ndiye malkia wa vita. Yupo mpaka mwisho."

Nimeipata, jamani. Nimeipata! Vipindi vyote! Lerato alinirukia shingoni. Babu wa angani alinipa mkono wake wa mpira. Mimi nilipiga kigelegele cha pili, safari hii kwa machozi.

Furaha ilidumu mpaka Lerato aliponieleza kilichobaki. Kila kipindi kitaanza kwa kuwakumbusha watazamaji jinsi vita vilivyoanza. Kila kipindi! Uso wangu mzima, tabasamu, kichwa kinang'oka. Na sauti yangu wameiacha vile vile, imewapendeza. Chini yake wataandika kwa Kiingereza kwamba nasema, "Kufa, mvamizi." Dunia nzima itasoma hivyo. Ila Tanga hawatasoma. Tanga watasikiliza. Watasikia binti yao anasema karibu baba, pole na safari, lete mzigo, halafu wataona anachofanya.

Nimerudi nyumbani nimemkuta Rukia mlangoni. Nikamweleza yote, nikisubiri aone haya kwa ajili yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili kabisa, "Mama, sema tena. Polepole. Nataka nishike." Nikasema tena. Sasa hivi ninavyowaandikia yuko chumbani anawatumia wenzake wa shule sauti, mmoja baada ya mwingine: "Karibu, baba, pole na safari, lete mzigo!" Lafudhi ya Tanga tupu! Nimekaa kwenye kochi namsikiliza, udongo unanikaukia usoni, na sijui kama nilie au nicheke.

Mama yangu nimempigia. Nimemwambia uso wangu utaonekana vipindi vyote, kanishukuria Mungu, kasema atawaita majirani. Mkononi nitakuwa nimeshika nini, sikumwambia.

Kwa hiyo naomba msicheke, hasa wewe unayecheka sasa hivi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuhusu mgeni mwenyewe kupona, hawakuahidi kitu.